Mchujo Ndio Uchaguzi, Basi Tuonyeshwe Hesabu Yake

Katika kaunti nyingi za Kenya gavana hupatikana Aprili, na Agosti huja kumthibitisha tu. Mwenye tikiti ya ODM kule Siaya au Homa Bay huhesabiwa kuwa ameshaingia ofisini tangu siku anapokabidhiwa cheti. Mwaka 2017 mwenye tikiti ya Jubilee pale Kiambu alikuwa katika hali hiyo hiyo, na mwaka 2022 zamu ikawa ya UDA kule Nandi na Kericho. Wawaniaji wanalijua hili kuliko mtu yeyote, ndiyo maana katika ngome za vyama vumbi la kampeni hutimka zaidi kabla ya mchujo kuliko baada yake. Hapo ndipo pesa nyingi humwagwa na vijana wakakodishwa, na hapo ndipo familia na koo hugawanyika. Hata hivyo, uchaguzi huo wa kweli ndio tunaoufahamu kidogo zaidi. Agosti raia anaweza kujua, kituo kwa kituo, ni watu wangapi walioandikishwa, wangapi walijitokeza, kura ngapi ziliharibika na kila mgombea alipata ngapi. Aprili tunapewa jina la mshindi na, tukibahatika, idadi ya kura zake. Naamini matokeo ya mchujo yanayotangazwa bila idadi ya waliojitokeza, na bila daftari walilotoka, ni matokeo nusu. Naamini pia kwamba chama kinachotaka kutupa gavana kupitia mchujo kinapaswa kulazimishwa kisheria kuchapisha hesabu yote.

Tuanze na Kiambu, kwa kuwa huko angalau takwimu zilitajwa hadharani. Katika mchujo wa Jubilee wa Aprili 2017, Ferdinand Waititu, aliyekuwa mbunge wa Kabete, alimbwaga gavana aliyekuwa ofisini, William Kabogo, kwa zaidi ya kura 353,000 dhidi ya chini ya 70,000. Pengo la namna hiyo halimpi mtu nafasi ya kubisha nani alishinda, na Kabogo mwenyewe, aliyeingia debeni Agosti kama mgombea huru, alishindwa tena vibaya. Lakini tukizijumlisha kura za hao wawili tunapata takriban 423,000, katika kaunti iliyokuwa na wapiga kura takriban milioni 1.18 kwenye daftari la tume ya uchaguzi, IEBC. Hiyo ni zaidi kidogo ya thuluthi moja. Miezi minne baadaye, katika uchaguzi mkuu, wapiga kura karibu wanane katika kila kumi nchini walijitokeza. Je, thuluthi ya Kiambu ni nyingi au ni kidogo? Kwa mchujo wa chama, ni nyingi sana. Mataifa mengi yenye desturi ndefu ya michujo yangefurahia idadi hiyo. Kwa uchaguzi uliokuwa unaamua nani atashika bajeti ya mabilioni ya shilingi, barabara za mashinani na hospitali za kaunti, ni kidogo. Majibu yote mawili yana mantiki, na hatuwezi kuchagua kati yake kwa sababu hatujui wana-Jubilee wa Kiambu walikuwa wangapi. Tumelazimika kugawanya kwa daftari la tume, ambalo lina wafuasi wa vyama vyote na wasio na chama kabisa.

Nairobi inaonyesha ugumu huo kwa ukali zaidi. Mwezi huo huo Mike Sonko alipata tikiti ya Jubilee kwa kura takriban 138,000, Peter Kenneth akamfuata kwa 62,000 na ushei, na Askofu Margaret Wanjiru akawa wa tatu kwa mbali. Kwa jumla ni kura zipatazo 208,000 katika jiji lililokuwa na wapiga kura wapatao milioni 2.25: chini ya mmoja katika kila kumi. Mtu atasema, kwa haki kabisa, kwamba Nairobi haikuwa ngome ya chama kimoja na kwamba wafuasi wa ODM hawakuwa na kazi yoyote katika mchujo wa Jubilee. Sawa. Basi tuchukue kipimo kingine. Agosti, Sonko alimshinda Evans Kidero akipata kura zaidi ya 870,000. Watu wote walioshiriki mchujo uliompa tikiti, pamoja na waliompinga, walikuwa kama robo ya idadi hiyo. Waliomchagua yeye hasa hawakufika hata moja ya tano. Mamia ya maelfu ya watu walikubali Agosti jina ambalo hawakushiriki kulichagua Aprili. Sisemi kwamba wangechagua mwingine. Huenda Sonko angeshinda hata kama wote wangetoka, maana alikuwa na mvuto mkubwa mitaani. Ninachosema ni kwamba kipimo hiki cha kukisia, cha kugawanya kura za Aprili kwa kura za Agosti, ndicho bora tulicho nacho, na ni kipimo kibovu. Chama kilichoandaa mchujo ndicho kilichokuwa na uwezo wa kutupa kilicho bora, na hakikutupa.

Sababu moja ya kutotupa ni kwamba chenyewe hakikuwa nacho. Aprili 2017 mchujo wa Jubilee ulivurugika katika kaunti kadhaa za ngome yake kwa sababu karatasi za kura hazikutosha au zilichelewa kufika, hata chama kikalazimika kufuta zoezi na kulipanga upya siku chache baadaye. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba watu walijitokeza kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Maelezo hayo yanaeleweka, lakini yanafichua mengi. Chama chenye rejista ya wanachama kinajua upeo wa watakaokuja: hawawezi kuzidi walioandikwa. Chama kinachomruhusu yeyote mwenye kitambulisho cha taifa apige kura hakijui kichapishe karatasi ngapi, na jioni hakiwezi kujua kama kura elfu tano zilizotoka wadi fulani ni nyingi mno kwa watu waliopo. Ndiyo maana katika mizozo ya mchujo dai la kura kujazwa sandukuni huwa gumu kuthibitisha na gumu vilevile kukanusha. Mlalamishi anasema kura zimezidi watu. Chama kinamuuliza, zimezidi watu gani? Hakuna anayeweza kujibu.

Bunge liliujua udhaifu huu. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa yaliyotiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta Januari 2022 yalitambua njia mbili za mchujo, ya wanachama wote moja kwa moja na ya kupitia wajumbe, na yalikusudia rejista ya wanachama iliyo mikononi mwa Msajili wa Vyama iwe msingi wa ile njia ya kwanza. Wazo lilikuwa zuri. Rejista zenyewe ndizo zilizotia mashaka. Juni 2021 Wakenya wengi walipotafuta majina yao kwenye mfumo wa mtandaoni wa Msajili waligundua wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo, wengine katika vyama ambavyo hawakuwahi hata kuvisikia. Malalamiko yalikuwa ya nchi nzima. Rejista ya aina hiyo ikitumika kama kigawanyo, asilimia ya waliojitokeza itatoka ndogo kwa sababu ya majina hewa, na kila jina hewa ni nafasi ya kura hewa. Kwa hiyo kuchapisha idadi ya waliojitokeza kuna faida ambayo haitajwi mara nyingi: kunakilazimisha chama kusafisha rejista yake, kwa sababu hakuna kiongozi atakayependa kuonekana ana wanachama laki tano katika kaunti moja na wapiga kura elfu arobaini.

Wakenya wenye umri mkubwa hawahitaji kufundishwa jinsi idadi ya waliojitokeza inavyoweza kutumika kupora uchaguzi. Mwaka 1988, chini ya utawala wa chama kimoja, KANU iliendesha uteuzi wake kwa mlolongo: wanachama walijipanga nyuma ya mwaniaji au nyuma ya picha yake, wakahesabiwa. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alitangazwa mbunge moja kwa moja, bila kura ya siri kufuata katika eneobunge hilo. Watu wamelaani mlolongo kwa sababu uliondoa siri ya kura, na kwa sababu mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu. Kuna ubaya mwingine ambao nadhani haujasemwa vya kutosha. Asilimia 70 ilikuwa ya waliojipanga, basi. Haikuwa ya wanachama, wala ya wapiga kura waliosajiliwa. Kadiri watu walivyokaa nyumbani kwa woga au kwa kukata tamaa, ndivyo kizingiti cha asilimia 70 kilivyokuwa rahisi kuvukwa na aliyeweza kuwasafirisha watu wachache walio tayari kusimama juani. Mwenye nguvu alinufaika na mahudhurio madogo, hivyo hakuwa na sababu ya kutaka mahudhurio makubwa. Sheria hiyo ya asilimia 70 na mlolongo wenyewe viliachwa baada ya kamati iliyoongozwa na Profesa George Saitoti kuzunguka nchi mwaka 1990 ikisikiliza hasira za wananchi. Mlolongo umekwenda, lakini desturi ya kutangaza mshindi wa uteuzi bila kusema ni wangapi walioshiriki imebaki nasi.

Hesabu kamili si jambo la kufikirika, kwa sababu tunayo kila Agosti. Fomu 37A, inayojazwa kwa kura za ugavana, ni karatasi ya kawaida tu. Juu yake imeandikwa jina la kituo, wadi, eneobunge na kaunti. Kisha inakuja idadi ya wapiga kura waliosajiliwa katika kituo hicho, ambayo kwa mpangilio wa sasa haizidi 700. Zinafuata kura zilizokataliwa, zilizobishaniwa na zilizo halali, halafu jina la kila mgombea na tarakimu mbele yake. Chini yake mawakala wanatia saini au wanaeleza kwa nini wamekataa, na msimamizi wa kituo anaandika maoni yake. Mtu asiye na elimu ya takwimu anaweza kuisoma na kutambua kwamba kura 712 katika kituo cha watu 640 ni uongo. Mwaka 2022 tume iliweka mtandaoni picha za fomu 34A za urais kutoka vituo zaidi ya 46,000, na Wakenya wakakaa na simu na kompyuta zao wakijumlisha wenyewe. Uchaguzi ule ulibishaniwa hadi Mahakama ya Juu, lakini ulibishaniwa kwa karatasi ambazo kila mtu aliweza kuziona. Katika mchujo, karani wa chama huandika kura kwenye karatasi ambayo mara nyingi haina sehemu ya waliosajiliwa, anaipeleka kwenye ukumbi wa kujumlishia, na baada ya mshindi kutangazwa karatasi hiyo haionekani tena.

Pingamizi linalotolewa kwanza, na ambalo ndilo zito kuliko yote, ni kwamba chama ni jumuiya ya watu binafsi. Kama vile klabu ya mpira inavyochagua nahodha wake bila kuitisha mashabiki wa timu pinzani kukagua kura, chama nacho kina haki ya kuteua mgombea wake kwa njia inayoitaka, na asiyeridhika aende kwingine. Hoja hii ina uzito wa kikatiba: uhuru wa kujumuika ni haki, na serikali inayojiingiza katika mambo ya ndani ya vyama inaweza kesho kuvinyonga vyama vya upinzani. Silipuuzi hilo. Lakini hoja hiyo hiyo, karibu kwa maneno hayo hayo, iliwahi kutolewa na kusikilizwa kortini kule Texas, Marekani, na historia yake inafaa kusomwa na kila anayeitumia leo. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita Texas ilikuwa ngome ya chama cha Democratic kiasi kwamba mshindi wa mchujo wa chama hicho ndiye aliyechukua kiti. Mwanzoni sheria ya jimbo iliwafungia watu weusi nje ya mchujo huo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitupa sheria hiyo mwaka 1927, chama chenyewe kikachukua jukumu la kuwafungia, kikisema ni jumuiya ya hiari na kina haki ya kuamua wanachama wake. Mwaka 1935 mahakama hiyo ilikubali. Kisha daktari wa meno mweusi wa Houston, Lonnie Smith, aliyenyimwa karatasi ya kura katika mchujo wa kaunti ya Harris mwaka 1940, akaenda kortini akiwa na mawakili, miongoni mwao Thurgood Marshall, na mwaka 1944 majaji wanane dhidi ya mmoja waliamua kwamba mchujo ni sehemu ya uchaguzi. Pale chama kinapofanya kazi ambayo matokeo yake ni kumpa mtu mamlaka ya umma, hakiwezi kujificha nyuma ya mlango wa klabu.

Sifananishi vyama vyetu na ubaguzi wa Texas, maana dhambi hizo hazilingani. Nachukua kanuni tu, nayo imeshaingia katika katiba yetu wenyewe. Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinavitaka vyama viheshimu demokrasia ya ndani, na sheria inavitengea fungu la pesa za walipa kodi lisilopungua asilimia 0.3 ya mapato ya taifa, hata kama Hazina imekuwa nzito kulitoa lote. Klabu ya mpira haipewi haki ya kipekee ya kuweka jina lake kwenye karatasi ya kura ya taifa. Tena ninachodai ni kidogo kuliko anachohofia mwenye pingamizi. Sitaki serikali iseme nani ni mwanachama, au chama kiteue kwa vigezo gani. Nataka chama, baada ya kuamua kupiga kura, kiseme ni wangapi waliopiga.

Wamarekani hao hao wametupa mfano wa hivi karibuni zaidi wa faida ya kusema. Juni 2019 chama cha Democratic katika kaunti ya Queens, jijini New York, kilifanya mchujo wa kumpata mgombea wa wadhifa wa mkuu wa mashtaka wa kaunti. Queens ni eneo la watu zaidi ya milioni mbili, na mchujo huo kwa vyovyote ndio uliokuwa uchaguzi. Walijitokeza watu wapatao 90,000 kati ya wanachama waliosajiliwa zaidi ya laki saba: kama mmoja katika kila wanane. Usiku wa kura Tiffany Cabán aliongoza kwa kura takriban elfu moja na mia moja. Zilipohesabiwa kura za waliopiga kwa posta na zile za muda, ambazo hukaguliwa kwanza kabla ya kukubaliwa, Melinda Katz akampita kwa kura zisizofika ishirini. Ikafuata hesabu ya mkono, karatasi moja moja. Watu walibishana juu ya alama hafifu za kalamu, na juu ya bahasha zaidi ya mia moja zilizokataliwa kwa sababu mpiga kura alisahau kuandika juu yake jina la chama chake. Mwisho wa yote Katz alishinda kwa kura 60, na Cabán akakubali kushindwa mwezi Agosti. Watu wengi walihuzunika kwamba kaunti kubwa hivyo iliamuliwa na wachache hivyo, na wana haki ya kuhuzunika. Lakini huzuni yao ilikuwa na takwimu. Waliweza kujua wadi ipi ililala, mtaa upi uliamka, na kwamba watu 61 zaidi wangebadilisha kila kitu. Mwanasiasa anayetaka kushinda mara ijayo, na raia anayetaka kumhimiza jirani yake atoke, wote wana pa kuanzia. Sisi hatuna, na ndiyo sababu baada ya kila mchujo mazungumzo yetu huishia kwenye tuhuma.

Wapo wanaosema njia nzuri zaidi ni kuepuka kura kabisa. Mwaka 2022 ODM ilitumia maelewano na tikiti za moja kwa moja katika kaunti zake kubwa: James Orengo akapewa Siaya, Profesa Anyang' Nyong'o akapewa Kisumu, Gladys Wanga akapewa Homa Bay ambako mwenyekiti wa chama John Mbadi aliacha kuwania na Oyugi Magwanga akawa mgombea mwenza wa Wanga. Wote watatu walishinda Agosti. Watetezi wa njia hii wanasema iliepusha umwagaji damu na mgawanyiko, na ukikumbuka Siaya ya Januari 2013 huwezi kuwapuuza. Huko Oburu Oginga na William Oduol waligombania ushindi wa mchujo hadi chama kikaamua kumpa tikiti mtu wa tatu, Cornel Rasanga. Watu walipanga foleni mchana kutwa, kisha kura zao zikawekwa kando kana kwamba hazikupigwa. Baada ya tukio kama hilo ni rahisi kuuliza kura zina faida gani.

Jibu langu ni kwamba Siaya ya 2013 haikushindwa kwa sababu watu walipiga kura. Ilishindwa kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kuaminika ya kuonyesha walipiga ngapi na wapi, hivyo kila upande ukabaki na hesabu yake na chama kikakosa la kufanya ila kutupilia mbali zote mbili. Tikiti ya moja kwa moja inatibu maumivu hayo kwa kumwondoa mgonjwa hospitalini. Katika ngome, chama kinapompa mtu tikiti bila mchujo, idadi ya waliojitokeza katika uchaguzi wa kweli ni sifuri, na wakazi wa kaunti nzima wanakwenda Agosti kuidhinisha uamuzi uliofanyika katika ofisi ya Nairobi. Namheshimu anayesema kwamba mara moja moja amani inahitaji maelewano. Ila chama kikiamua hivyo kiseme hivyo hadharani na kwa maandishi: waniaji walikuwa hawa, walioketi kuamua ni hawa, sababu ni hii, na wanachama hawakupiga kura. Sheria ikidai maelezo hayo, njia ya mkato haitakuwa nyepesi kuliko barabara kuu.

Pingamizi kwamba aliyeonewa katika mchujo anaweza kusimama kama mgombea huru halinisumbui sana, ingawa hutajwa kila mara. Ni kweli Katiba inamruhusu mtu asiye mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi kusimama mwenyewe, na ni kweli Mohamed Kuti kule Isiolo na Ndiritu Muriithi kule Laikipia walishinda ugavana hivyo mwaka 2017, naye Kawira Mwangaza akashinda Meru mwaka 2022. Lakini angalia walioshindwa 2017 baada ya kulalamikia mchujo au kuukimbia: Kabogo wa Kiambu, Jack Ranguma wa Kisumu, Nicholas Gumbo wa Siaya, Magwanga wa Homa Bay. Katika ngome zilizoiva, jina la chama kwenye karatasi ya kura lina uzito ambao mtu binafsi ni vigumu kuupiku, hata akiwa gavana aliye ofisini. Mlango wa dharura upo, lakini kuwapo kwake hakumwondolei mwenye nyumba wajibu wa kufungua mlango wa mbele.

Gharama nayo inazungumziwa kana kwamba hesabu ni anasa. Mwaniaji wa ugavana hulipa chama mamia ya maelfu ya shilingi ili jina lake liingie katika mchujo, na wawaniaji wa ubunge na uwakilishi wadi hulipa ada zao. Karatasi yenye mistari saba ya kujazwa na makarani wale wale, na simu ya kuipiga picha, ni sehemu ndogo sana ya pesa hizo. Chama kisichojiweza kina njia nyingine pia: Sheria ya Uchaguzi inaruhusu chama kuiomba IEBC iendeshe mchujo wake. Vyama vimekuwa vikisita kuomba, vingine kwa hofu ya gharama, vingine kwa sababu havitaki mtu wa nje ajue kilicho ndani ya masanduku. Hiyo sababu ya pili ndiyo inayostahili kuzungumzwa waziwazi bungeni.

Limebaki pingamizi ambalo wanasiasa hawalisemi jukwaani ila hulinong'ona: kwamba takwimu hizi zitamdhalilisha mshindi. Gavana atakayeonekana aliteuliwa na asilimia tisa ya wapiga kura, au na watu elfu thelathini katika kaunti ya watu milioni moja, atakosa hadhi mbele ya bunge la kaunti na mbele ya wapinzani wake. Huenda ikawa hivyo. Lakini kiongozi aliyeteuliwa na wachache anajua tayari kwamba waliomteua ni wachache; asiyejua ni raia. Na hadhi inayotegemea raia kutojua huanguka siku ya mzozo wa kwanza, wakati kila upande unadai una watu na hakuna anayeweza kuthibitisha. Mshindi wa haki, hasa yule aliyeshinda kwa pengo kama la Kiambu, ndiye atakayefaidika zaidi na karatasi zilizochapishwa, kwa kuwa atakuwa na jibu kwa anayemwambia alibebwa na makao makuu ya chama.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Vyama vinapotengeneza kanuni zake za uteuzi lazima vizikabidhi kwa Msajili, na hapo pana nafasi ya kufanya kazi hii hata kabla ya Bunge kuamka: Msajili anaweza kuviomba vyama viandike katika kanuni hizo kwamba kila kituo cha mchujo kitakuwa na fomu yenye idadi ya wanachama waliosajiliwa, waliojitokeza, kura zilizoharibika na kura za kila mwaniaji, kwamba nakala itabandikwa mlangoni na nyingine kupewa kila wakala, na kwamba fomu zote za kaunti zitawekwa mtandaoni ndani ya saa 48. Waniaji wana nguvu hata zaidi, kwa sababu wao ndio wanaolipa ada. Anayetaka tikiti ya ugavana aulize swali hilo katika ofisi ya chama kabla hajaandika hundi, na sisi wa vyombo vya habari tuulize usiku wa matokeo kabla hatujaandika jina la mshindi: walijitokeza wangapi, kati ya wangapi?